Kifutu Hakimbii

Jumapili, 9 Juni

Ibada ilikwisha saa sita na nusu. Mahubiri kuhusu mtumishi mwaminifu katika mambo madogo. Sikusikiliza, nilikuwa nachora kichwani. Nikaenda maabara moja kwa moja. Ufunguo ninao mimi kwa sababu ndimi katibu wa klabu ya sayansi. Mwende, mwenzangu katika mradi, alienda kufua. Sawa tu. Mwende hana mkono wa kuchora, ana mdomo.

Bango letu lilibakiza picha moja, ya kichwa. Mashindano ni Jumanne. Nyoka wetu ni kifutu, mnene, mfupi, mvivu. Bwana Mutiso, fundi wa maabara, alimnasa shambani mwa shule mwezi uliopita. Anakaa kwenye sanduku la mbao lenye kifuniko cha wavu. Kupitia wavu kichwa hakionekani vizuri. Sheria ya Mwalimu Nduku, mlezi wa klabu, ni moja: hakuna kufungua bila Bwana Mutiso na chuma chake chenye ndoano. Jumapili Bwana Mutiso hayupo.

Nikafungua.

Hakusonga hata kidogo. Nilichora kama dakika kumi. Macho, pua, zile alama za mgongoni. Sijawahi kuchora vizuri hivyo. Kengele ya chakula ikalia. Nikateremsha kifuniko, nikakimbilia githeri kama mtu ambaye hajala tangu Krismasi.

Saa kumi nilirudi kupaka rangi. Kifuniko kilikuwa kimekalia rula yangu. Komeo halikufungwa. Nyasi zipo, bakuli la maji lipo. Nyoka hayupo.

Nimetafuta kwa mpini wa fagio. Kabatini, chini ya sinki, nyuma ya mlango. Chini ya mlango pana pengo la kupita paka. Ametoka. Nje ni nyasi hadi uwanjani. Nikavuta gunia moja kutoka kwenye rundo lililo chini ya meza yangu, nikalifunika sanduku. Atakayeuliza nitasema nyoka anataka giza.

Naogopa. Nitamwambia Mwalimu kesho asubuhi.

Jumatatu, 10 Juni

Sikumwambia.

Kwenye gwaride Mkuu wa shule aliinua kombe la netiboli. Wasichana wetu wamewapiga wote wa kaunti ndogo. Shule nzima ikapiga vigelegele, ikamwagika uwanjani, ikacheza kwenye nyasi. Mimi nilitazama miguu. Soksi nyeupe, viatu vilivyochoka, wengine wametoka bwenini na kandambili. Kila aliyeruka, nilitazama pale anapotua.

Mwalimu Nduku alinikuta karibu na bendera.

"Mgeni wetu yukoje?"

"Amelala, Mwalimu."

Uongo wa kwanza. Ulitoka laini, hata mimi nilishangaa.

Kisha tangazo. Jumamosi ni Siku ya Tuzo. Wazazi watakuja. Mgeni wa heshima ataonyeshwa nyoka, na Bwana Mutiso atamtoa sandukuni mbele ya watu. Kwa hiyo nina siku tano.

Mama atakuja kutoka Zombe. Ameshaahidi. Mradi huu ni wake, ingawa hajui. Nilikuwa darasa la tano alipoumwa akivuna ndengu. Kifutu. Jirani akamfunga mguu kwa kamba, akamchanja kwa wembe. Walipofika hospitali vidole viwili vilikuwa vimekufa. Tangu hapo tukitembea njiani yeye hutangulia na fimbo, akipiga nyasi, mimi nyuma. Hata kwenda dukani. Nilikuwa naona aibu wenzangu wakituona.

Jioni nimepaka rangi bango hadi kengele ya chakula. Nimekaa pale pale mezani, miguu chini kwenye magunia maana sakafu ina baridi ya Juni. Sanduku tupu mbele yangu.

Jumanne, 11 Juni

Tumeshinda. Naandika neno hilo na halina ladha.

Kule kwenye mashindano waliandika kabisa: wanyama hai hawaruhusiwi. Nilitaka kumkumbatia aliyeandika. Mwende alizungumza, mimi nilionyesha picha. Usifunge mguu. Usichanje. Usinyonye sumu. Mtulize mgonjwa, mpeleke hospitali. Juu kabisa, kwa herufi nyekundu: KIFUTU HAKIMBII. Maana nyoka wengine wakisikia hatua huondoka. Huyu hulala tu, unamkanyaga.

Jaji mmoja, mama wa miwani, alimpita Mwende akaniuliza mimi. Je, nyoka wenu akitoroka mtamtafuta wapi?

Nilihisi masikio yanawaka. Nikajibu kama kasuku. Haendi mbali. Wakati wa baridi hutafuta joto na mahali penye utulivu, hukaa hapo hata siku kadhaa. Jaji akatabasamu, akaandika. Nafasi ya kwanza. Tukapigwa picha na cheti. Mwende alilia kwa furaha, mimi nililia pia na watu wakadhani ni furaha.

Kwenye basi waliimba njia nzima. Nilikuwa nahesabu. Siku tatu, na hakuna aliyeumwa. Labda ameshafika kwa watu wa nje. Halafu nikajichukia. Watu wa nje pia wana miguu.

Jumatano, 12 Juni

Siku ya kupanda miti. Kila kidato mashimo yake nyuma ya bweni. Katunge wa Kidato cha Kwanza alikuja kushika mche wangu. Hapa shuleni kila mgeni hupewa "mama" wa Kidato cha Tatu, na mimi ndimi mama yake. Mdogo, mikono ya baridi, huniletea maji ya moto bila kuombwa. Leo alikuwa peku. Nikamfokea avae viatu. Akatazama chini, akasema viatu vyake anavitunza kwa Siku ya Tuzo. Nikampa vyangu, nikabaki na soksi. Ninastahili soksi.

Saa tano mtu akapiga yowe shimoni. Jembe likanitoka mkononi. Nikaketi kwenye udongo mbele ya walimu. Kumbe chura. Wote walicheka hadi wakashika mbavu. Mwende akanipigia methali kwa sauti, "Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka! Na wewe hata hujaumwa!" Mwende kwao ni Mbooni, milimani, kwenye baridi na matunda. Nyoka kwake ni hadithi.

Mara mbili leo nimefika mlangoni pa ofisi ya walimu. Mara ya kwanza Mwalimu Nduku alikuwa anawaonyesha wenzake cheti chetu. Mara ya pili hapakuwa na mtu wa kunizuia. Nikarudi mwenyewe.

Mimi ni mwoga. Nimeandika ili nisijidanganye.

Alhamisi, 13 Juni

Nimesema.

Si kwa ushujaa. Tulikuwa kwenye hesabu, nami niko karibu na dirisha. Nikaona Kidato cha Kwanza wanavuka na ndoo na matambara. Wametumwa kusafisha maabara kwa ajili ya wageni, watoe na takataka zote. Wamevua viatu wasichafue sakafu. Katunge mbele, viatu vyangu amevining'iniza shingoni kwa kamba zake.

Nilitoka bila ruhusa. Mwalimu wa hesabu aliita jina langu, Mumbua, Mumbua, sikugeuka. Nilifika nimeishiwa na pumzi. Wengine walikuwa wamepiga magoti wakisugua. Katunge ameinama chini ya meza yangu, mkono mmoja umenyooka. Nikamkamata sweta nyuma ya shingo, nikamburuta hadi nje kama mbuzi. Nikapiga kelele wote watoke. Wakadhani nimeingiwa na wazimu. Katunge alilia.

Mwalimu Nduku alikuja mbio. Nikalivuta gunia kwenye sanduku mbele yake. Hakunipiga, hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Tangu lini?"

"Jumapili."

Akahesabu kwa vidole. Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Alipomaliza aliutazama mkono wake kama si wake. Hapo ndipo nilipoogopa zaidi kuliko siku zote nne.

Shule nzima ikafungiwa ukumbini. Maabara ikatiwa kufuli, itatafutwa kesho. Kwanza mahali watu wanapolala. Nilikuwa nimewaambia lile pengo la mlangoni, wakaniamini. Bwana Mutiso na wafanyakazi wakapekua mabweni, godoro kwa godoro, kisha nyasi za uwanjani, kisha kuni za jikoni. Jua likatua. Hakuna.

Sasa woga si wangu peke yangu, nimeugawia kila mtu. Wasichana wamebanana wawili wawili kwenye vitanda vya juu. Mwende ameniambia neno moja tu, "Umetuua." Hakuna mwingine aliyesema nami. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi niliona ni methali ya kuandikia insha.

Nikifumba macho naona ule mkono ulionyooka.

Ijumaa, 14 Juni

Niliamka na swali la yule jaji. Mtamtafuta wapi?

Nilikuwa nimelijibu, na nikashinda kwa jibu hilo. Haendi mbali.

Nilimfuata Bwana Mutiso kabla ya chai. Nikamwambia hajatoka. Yuko ndani, mahali penye joto. Akachukua chuma chake. Mwalimu Nduku akafungua kufuli. Mimi niliambiwa nisimame mlangoni, nisivuke.

Alianza na kabati. Akaja sinki. Kisha rundo la magunia chini ya meza yangu. Akainua la kwanza kwa ndoano, polepole, akaliweka pembeni. La pili. Chini ya la tatu alisimama.

"Huyu hapa," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeona kalamu yake iliyopotea.

Amejikunja, kimya, rangi moja na gunia. Pale pale ninapoweka miguu. Jumatatu jioni yote nilikaa naye. Na lile gunia nililovuta Jumapili kufunika sanduku, nililivuta kwa mikono miwili, kutoka juu yake. Na mkono wa Katunge ulikuwa umebakisha shubiri moja.

Nilitapika kwenye maua.

Amerudishwa sandukuni, komeo limefungwa, na Bwana Mutiso ameongeza waya. Watu wa wanyamapori watamchukua wiki ijayo. Hakuna aliyeumwa. Nimeandika mara moja, naandika tena. Hakuna aliyeumwa.

Mkuu ameniita. Wiki mbili nyumbani kuanzia kesho. Jina langu limeondolewa kwenye orodha ya tuzo. Cheti atapokea Mwende. Nilisema asante. Akaniuliza kama namdhihaki. Sikuwa namdhihaki.

Jumamosi, 15 Juni

Siku ya Tuzo ilipendeza. Hema, kwaya, kombe la netiboli mezani. Nilitazama kutoka dirisha la ofisi, sanduku langu la chuma likiwa miguuni. Mwende alipoitwa alipanda jukwaani, akapokea, akageuka kutazama upande wa ofisi. Hakutabasamu. Lakini alitazama.

Mama alifika saa nne na kitambaa chake cha kanisani. Kiatu cha kushoto amekijaza tambara pale mbele, kama kawaida. Walimweleza mlango ukiwa umefungwa. Alipotoka nilingoja matusi. Alitaka kuona bango.

Lilikuwa ukutani mwa maabara. Alisoma taratibu, kidole kikifuata maneno. Akafika kwenye picha ya mguu wenye vidole vitatu.

"Huu ni wangu?"

Sikuwa nimemwomba ruhusa. "Ndiyo, mwaitu," nikasema, kama tumwitavyo mama kwetu.

Akapitisha kidole kwenye mchoro. Kisha akasema, "Ni vizuri umeandika watu wasifunge kamba." Akauliza tena, "Na yule mtoto uliyemvuta ni nani?"

Nikamwita Katunge. Alikuja mbio, viatu vyangu miguuni, akaanza kuvivua anirudishie. Mama alimkataza. Akaushika mkono wake wa kulia, akaugeuza juu, akaugeuza chini, akatazama kidole kimoja kimoja. Ndipo akalia. Sijawahi kumwona mama yangu akilia, hata mwaka ule wa ndengu. Nilitaka ardhi inimeze.

Tulishuka Zombe alasiri. Kutoka sokoni hadi nyumbani ni mwendo wa saa nzima, njia ya miguu, nyasi pande zote mbili. Mama akavunja fimbo kwenye kichaka, akajiweka mbele kama siku zote.

Nikamwambia anipe.

"Nikupe nini?"

"Fimbo, mwaitu. Nitangulie mimi."

Alinitazama kuanzia miguuni hadi kichwani. Nilikuwa na kandambili na sanduku kichwani. Akaniondolea sanduku, akajitwika mwenyewe, akanipa fimbo.

Nilipiga kila kichaka na kila jani, kushoto na kulia. Kila hatua niliogopa, na sikuona aibu. Nyuma yangu kiatu chake kimoja kilikuwa kinaburuta kidogo. Tulifika jua likiwa bado lipo, tukaweka chai motoni.