Kipimo cha Baruti cha Elia

Alhamisi, Julai

Elia wangu amekatwa mkono wa kulia. Bastola ilimpasukia jana akijaribu risasi za mashindano ya mgambo.

Risasi hizo alizitengeneza mwenyewe jikoni kwangu. Alikuwa akipunguza baruti na kuongeza, mpaka juzi akapata kipimo. Zote sita zilipiga mahali ambapo kifuniko cha birika kingezifunika. Nani mwingine Singida nzima ana shabaha hiyo? Nilitangaza mpaka kisimani.

Leo hospitalini ameniambia, "Mama, mjomba alipoingia nilikuwa namimina baruti. Niliinuka nikampa shikamoo. Niliporudi kuketi, nadhani nilimimina tena kwenye ganda lile lile la risasi."

Nimemlea hivyo, ainuke kwa mkubwa. Hata leo siwezi kusema nilimlea vibaya.

Kisha akacheka, mtoto huyu! "Usimwambie mjomba, atajilaumu. Sema bastola ilikuwa kuukuu."

Nimekubali. Lakini nitamtazamaje kaka yangu? Yeye ndiye aliyezunguka Mgori mpaka Kintinku akiwaita watu waje wamwone mpwa wake akilenga shabaha, na wote wanafika Jumapili, siku ya Saba Saba.