Radhi Kabla ya Treni

Jumamosi, 18 Januari 2025

Pyarali kaja na tiketi mbili. Las Vegas, halafu tukodi gari, tuzunguke jangwani kutazama treni za mizigo. Nilidhani ananitania. Mume wangu huyu, kwenda Mississauga tu, mji wa jirani, hujadili wiki nzima.

Treni anazipenda, hilo silikatai. Kakulia kwenye duka la baba yake, mkabala na stesheni ya Tabora, na tangu astaafu kazi ya maghala kule Malton, kila Jumapili yuko kando ya reli na chupa yake ya chai. Lakini Januari? Anasema hapa Toronto treni zinajificha nyuma ya majengo, jangwani unaiona nzima, kichwa mpaka mkia. Sawa. Maelezo mazuri mno. Mtu mwenye maelezo mazuri hivyo ameyafanyia mazoezi.

Naandika Kiswahili kwa sababu binti yetu Almina anakisikia tu, kukisoma hawezi. Pyarali anaweza, ila mwandiko wangu umemshinda siku nyingi.

Jumanne, 21 Januari

Kajifungia bafuni na simu. Masikio yake mazito, kwa hiyo anaweka spika, na anadhani mlango ni ukuta. Nilikuwa nakunja nguo. Nimesikia yote.

Alikuwa na mpwa wake wa Mwanza. Kamwambia kama amewahi kumkosea, kwa kujua au kutojua, amsamehe. Mpwa kacheka: mjomba, unahamia mwezini? Hapana, nakwenda kutazama treni.

Safari ya wiki moja — radhi ya nini?

Kwao kutakana radhi si mchezo. Mama mkwe, Mungu amrehemu, hakumruhusu mtu kwenda stesheni kabla hajawataka radhi wote waliomo ndani, mpishi akiwemo. Na asiyepewa haondoki. Mjomba wao mmoja alikasirika, akafunga mzigo ahamie Kigoma. Mkewe akamnyima radhi. Mzee wa watu kasimama mlangoni na sanduku, anabembeleza, mpaka wakasikia honi. Treni ikamwacha. Wakaishi pamoja mpaka wakazeeka, na radhi yenyewe sijui kama aliipata. Kila sikukuu ya Navroz tunaicheka hadithi hiyo.

Leo sikucheka.

Ijumaa, 24 Januari

Khane, Wynford, baada ya sala. Naheed, mke wa Ramzanali, kanivuta pembeni penye viatu. Mnahama? Nikamuuliza, kwani vipi? Eti Pyarali kamshika mumewe mikono yote miwili, kamtaka radhi kwa ugomvi wa karata ambao Ramzanali mwenyewe ameshausahau. Nikacheka, nikasema wazee wana mambo yao.

Kwenye gari nikamuuliza. Anasema theluji inamlainisha mtu moyo. Tangu lini? Theluji yeye huimwagia chumvi na matusi.

Nimempigia Almina. Kanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, haraka haraka: mama, nenda ukafurahi. Almina huyu, asiyetaka nipande hata basi kukiwa na barafu! Wako pamoja, baba na binti. Lisemwalo lipo, na lisilosemwa lipo zaidi.

Jumatatu, 27 Januari

Uwanja wa ndege, Pearson. Almina kamkumbatia baba yake mpaka mtu wa nyuma akakohoa. Mimi nikapata busu la shavu.

Las Vegas taa tupu. Kwenye kukodi gari Pyarali kanipa ufunguo. Mimi. Miaka yote ya ndoa, nikishika usukani yeye anashika dashibodi utadhani nampeleka makaburini. Leo: "Endesha wewe, Mama Almina. Mimi nitazame treni."

Sijui anacheza mchezo gani. Ila nimeendesha vizuri, na hakusema neno. Hilo nalo limeniudhi.

Jumatano, 29 Januari — Needles

Jangwa lina baridi, nani alijua? Nimeleta nguo za jua kama mjinga. Nimevaa sweta lake.

Treni ni kweli. Vichwa vinne mbele, makontena yamebebana mawili mawili, inatoka kwenye mlima mmoja mkia ukiwa bado mlima wa pili. Nimezipenda. Sitamwambia.

Yeye hatazami. Hili ndilo linalonitia wasiwasi. Treni ikipita naiona kwenye miwani yake, lakini uso umegeukia kwangu. Jana dereva kapiga honi, Pyarali hakupunga hata kidole. Mtu anayewapungia madereva wote wa Ontario! Nikamwambia, umeikosa. Nimeiona, anasema. Ilikuwa rangi gani? Kavua miwani, kaanza kuifuta.

Na ngazi za hoteli. Akifika katikati anasimama, eti anatazama milima. Ukutani hakuna milima.

Haya, niliandike na lile jingine, maana ndilo lililonikosesha usingizi. Jalaludin yuko jangwa hili. Kaka mkubwa wa Pyarali. Ndiye aliyekuwa anioe mimi. Wiki ya harusi, hina nimeshapakwa, kapanda treni ya Dar bila kumtaka radhi mtu yeyote. Baadaye tukasikia yuko Amerika. Akaletwa Pyarali kuziba aibu. Nilipata mume bora kuliko niliyeahidiwa, lakini mama yangu alikufa hajaacha kuinamisha kichwa mbele ya watu. Sharti langu kwa Pyarali lilikuwa moja: jina hilo lisitajwe nyumbani kwangu. Hajalitaja. Ila watu husema. Ana moteli, wanasema, kando ya reli.

Kama hila yenyewe ndiyo hii, tutarudi Toronto kila mtu na ndege yake.

Alhamisi, 30 Januari

Naandikia juu ya usukani. Kizuizi kimeshuka, treni inapita mbele yetu, na ni ndefu.

Asubuhi kaniambia kata kushoto, kisha kushoto tena. Kijiji cha nyumba chache na tangi la maji. Halafu reli, na ng'ambo ya reli kibao: Mirambo Motel. Katika jangwa lote hili nani anamjua Mirambo kama si mtoto wa Tabora? Nikakanyaga breki. Papo hapo kengele zikalia, kizuizi kikashuka. Nyuma lori, mbele treni. Hakuna pa kwenda.

Nimemwambia maneno ambayo sitayaandika. Kanisubiri nimalize. Halafu kasema, polepole, daktari kamwambia moyo umechoka na hakuna cha kupasua. Almina anajua tangu Desemba. Hakutaka niyasikie kwenye viti vya hospitali, anasema, alitaka niyasikie mahali penye nafasi.

Nikamuuliza, na treni? Mbona huzitazami?

"Treni nimeziona maisha yangu yote. Nilikuwa nakutazama wewe unavyoziona."

Mjinga huyu. Nimelia mpaka ukurasa umelowa, hapo juu wino umetawanyika. Mimi nilikuwa nafuatilia hila, kumbe nafuatilia msiba.

Kati ya behewa na behewa namwona mtu kwenye baraza ya moteli. Mrefu, amepinda mgongo. Anaonekana, anapotea, anaonekana. Amevaa slipa kwenye baridi hii. Nilidhani nikimwona nitatetemeka kwa hasira. Nimeona mzee tu, na masikio ya Pyarali.

Pyarali anasema radhi za wote amezipata. Zimebaki mbili, ya kaka yake na yangu. Ya kaka yake hakuweza kuifuata bila ruhusa yangu, maana aliniahidi. Kanyoosha kiganja, kama mtoto anayeomba peremende.

Nimemwambia ya kaka yako nitakupeleka, na nitakunywa chai yake pia, ikibidi. Yangu sikupi.

"Mama Almina, usinifanyie hivyo. Mtu haondoki bila radhi, unajua mama alivyokuwa akisema."

Najua. Ndiyo maana.

Kanitazama. Nadhani ameelewa, mdomo umeanza kumcheza, sijui ni kicheko au ni kilio. Behewa la mwisho limepita. Kizuizi kinapanda. Lori la nyuma linapiga honi. Jalaludin ameshashuka barazani, anakuja na slipa zake. Na Pyarali bado kanyoosha mkono.

Acha angoje.