Kontrola ya Mkwe

Jumatatu, 5 Juni

Kontrola imeungua. Nilisikia harufu ya plastiki nikiwa napika uji, nikadhani ni mpini wa sufuria. Kumbe ni ukutani — kile kiboksi kinachopokea umeme wa paneli za jua na kuulisha kwenye betri kimevimba ubavu, kimezima. Basi tumerudi kwenye umeme wa shirika. Na hapa Shurugwi umeme wa shirika unakuja ukijisikia.

Baba anajifanya hajali. Eti ukikatika atapumua kama watu wengine. Watu wengine hawakuvuta vumbi la mgodini ujana wao wote, Baba! Bila mashine ya oksijeni midomo yake inabadilika rangi kabla sijamaliza kuosha vikombe. Nimeuliza tena hospitali, mitungi ya oksijeni hakuna. Nesi hata uso hakuinua. Nimempigia Shuvai kule Johannesburg, nikamlilia kidogo. Mdogo wangu atafanya nini kutoka huko?

Fundi Zivanai kaja jioni. Kasema nisikurupuke kununua, zipo za aina mbili. Ya MPPT inavuna karibu umeme wote unaotolewa na paneli. Ya PWM ni rahisi, lakini kwa paneli zetu inapoteza zaidi ya theluthi — sawa na kupika sufuria tatu za ugali wetu wa sadza, moja ukaimwaga jalalani. Kwa mashine ya Baba ni MPPT tu.

Jumatano, 7 Juni

Nimeshinda Gweru mjini kuitafuta. Miguu imekufa.

Kila duka wimbo mmoja: "Pima kwa mkono, dada! Nzito ndiyo MPPT, ndani imejaa shaba. Nyepesi ni ya kuchajia simu." Na watu wanapima kweli, wananyanyua na kushusha kama wanachagua maboga. Hata mimi nilipima! Zivanai alishanionya: uzito achana nao, uliza inastahimili volti ngapi za paneli, MPPT ya kweli hustahimili nyingi. Nikauliza. Wauzaji wakacheka, mmoja akaniita Injinia. Mwishowe mama mmoja mwenye duka dogo nyuma ya stendi akatoa karatasi ya maelezo, tukaisoma wote mstari kwa mstari. Nimenunua. Zivanai ataifunga Jumamosi. Mungu atupitishe hizi siku chache.

Ijumaa, 9 Juni

Wageni! Shuvai na mumewe Obert, bila hata kupiga simu.

Obert akapiga makofi ya heshima mlangoni, akaketi sakafuni kama mkwe anavyotakiwa, kisha akafungua blanketi alilokumbatia. Ndani — kontrola. Kubwa, nyeusi, MPPT imeandikwa kwa dhahabu. Shuvai anasema mumewe aliipakata njia nzima, kondakta wa basi alipotaka kuiweka kwenye buti nusura wapigane.

"Pima, Baba mkwe!"

Baba akaipokea kwa mikono miwili. "Nzito," akasema. "Lo, nzito hasa!" Sijamwona akitabasamu hivyo tangu tumzike Mama.

Zawadi ya mkwe haiwekwi kabatini. Inafungwa mbele ya macho yake, siku hiyo hiyo. Ya kwangu nikaisukuma chini ya kitanda, nikafunga mdomo. Nikajiambia zote si ni MPPT, tatizo liko wapi? Zivanai akaitwa. Akafungua kifuniko. Akanitazama. Akaendelea na kazi, akapanda juu ya bati akaziunganisha paneli upya.

Nje, karibu na tangi la maji, akaniambia kwa sauti ya chini: "Dada Maidei, mle ndani kuna bonge la saruji limegandishwa. Hiyo ni PWM, tena ndogo. Yale maandishi ni stika tu. Paneli nimezipanga upya ili isiungue, lakini betri haitajaa."

Saruji! Na Obert ni mwashi! Mwashi kauziwa saruji!

Jumamosi, 10 Juni

Obert katoka kwenda kusalimia ndugu zake. Nikamweleza Baba. Nilitaka Zivanai aje upesi afunge ya kwangu.

Akakataa kwa kichwa. Kisha akasema alipokuja huyu kijana kumposa Shuvai, alimcheka mbele ya wazee. Alimwuliza atamlisha mke matofali? Kijana akaondoka kainamisha kichwa, akakaa miaka bila kukanyaga hapa. "Sasa ameingia kwa mlango wangu kama mkwe. Nimtoe tena?"

Nikasema: Baba, ni pumzi zako!

Akasema: "Ni zangu. Ukimwaibisha huyu mtoto ndani ya nyumba yangu, usinizike."

Sijawahi kusikia neno kama hilo kinywani mwake. Nimelia bafuni bomba likiwa wazi. Nina hasira naye, nina hasira na Obert na lile blanketi lake. Tumekubaliana hivi: wanaondoka kesho. Wakishafika barabarani tu, Zivanai anabadilisha. Ya Obert itabaki ukutani, imewaka taa zake, kazi itafanywa na ya kwangu.

Jumatatu, 12 Juni

Hawajaondoka. Obert kaomba ruhusa kazini, anaongeza siku. "Hapa raha, shemeji. Baba mkwe ananiita mwanangu!"

Kila asubuhi anaifuta ile kontrola kwa shati lake. Anaipiga picha. Kawaita majirani waje waipime, ikabidi nimzuie asiifungue ukutani.

Manyunyu ya baridi yameanza. Jua halionekani. Betri jana ilifika nusu, leo chini ya nusu. Usiku umeme wa shirika ulikuja kidogo ukatuokoa. Zivanai anasema kwa mawingu haya hata ya kwangu ingehangaika, lakini ingetufikisha. Shuvai ananiuliza mbona nimenuna. Nimemwambia ni jino.

Jumatano, 14 Juni

Wanaondoka kesho. Kesho!

Umeme umekatika alfajiri. Manyunyu bado. Obert alipanda bati na taulo lake mwenyewe akafuta paneli huku ananyeshewa, akashuka anatetemeka, anacheka. Nikashindwa hata kumchukia.

Mchana inveta, ile inayogeuza umeme wa betri uendeshe mashine, imeanza kulia. Pii, pii, pii. Naujua huo mlio, betri inaisha. Obert akasimama mbele ya ukuta, mikono kiunoni. "Shemeji, inalia kwa sababu betri imejaa, siyo?"

Nikafungua mdomo. Baba akaniwahi.

"Imejaa, mwanangu. Zima mashine. Leo kifua chepesi, nimeshiba hewa." Na akauvua ule mrija wa hewa puani mwenyewe, akaukunja vizuri, akauweka mapajani. Mimi akanitazama. Jicho moja tu, nikaelewa: nisiseme neno.

Obert akapiga makofi, akaruka kama mtoto. "Shuvai! Njoo umwone baba yako! Mashine hata haihitaji tena! Mzigo wangu umemponya!"

Nimekuja jikoni. Naandika ili nisipige kelele. Nimempigia Zivanai, simu haipatikani. Kutoka hapa namwona Baba kitini, kashika mikono ya kiti, kichwa kaegemeza nyuma, tabasamu lipo palepale. Obert kakaa miguuni kwake anamsimulia habari za Johannesburg, naye anaitikia kwa kichwa. Kwa kichwa tu. Midomo imeanza kubadilika rangi.

Usinizike, alisema. Nifanye nini mimi?

Shuvai ameacha kuosha vyombo. Bomba linamwaga maji, hajalifunga. Anasikiliza kule sebuleni. Sasa ananigeukia.

"Dada," anasema, "mbona Baba anapumua hivyo?"

Obert bado anacheka.