Panya, Mshumaa na Gundi ya Mbao

Mshauri mpendwa wa gazeti letu,

Nina miaka themanini na moja, nimemzika mke wangu na ndugu zangu wote na wachungaji watatu na yule daktari aliyeniambia nisipoacha chumvi sitamaliza mwaka, kwa hiyo usije ukanijibu kama unamjibu mtoto. Naomba msaada wako, lakini kosa si langu, hilo liweke akilini tangu mwanzo. Na barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, herufi moja moja, kwa sababu aliyekuwa akiniandikia hanisemeshi, na hicho ndicho kisa chenyewe.

Mimi ni seremala. Kabati la vitabu la kanisani kwetu nimelitengeneza mimi, halina msumari hata mmoja, mchwa wenyewe wanalipita pembeni kwa adabu. Ndani yake kuna vitabu vya familia za Kikristo kuazima, hadithi za watoto, mambo ya ndoa, bustani, mapishi, na mtunzaji wake ni mkwe wangu, mke wa mwanangu ninayekaa naye, ila ufunguo ninao mimi shingoni maana aliyetengeneza mlango ndiye mwenye mlango. Sasa nikaona vitabu vinaingia tu, hakuna anayevikagua, kila mtu anasema vya kanisa ni vizuri, vizuri kavipima nani? Nikaichukua kazi hiyo bila kuombwa, na bila asante. Mimi na maandishi hatuelewani sana tangu utoto, kwa hiyo jioni binti wa huyo mkwe wangu, huyo huyo aliyekuwa akiniandikia, alikuwa ananisomea pale mezani jikoni, nami nakata shauri. Namwita Bibi, kabeba sura ya marehemu mke wangu na mdomo wake pia. Penye ubaya napaka gundi ya mbao, kurasa mbili zinafungana uso kwa uso, kazi safi, hata mshono huuoni. Kitabu cha ndoa nilikipitisha bila kusomewa, maana ile picha ya jaladani watu wamevaa kwa heshima.

Basi tukafika kwenye hadithi ya panya anayemwibia fuko mjane mshumaa wake. Nikamuuliza Bibi, fuko haoni, mshumaa wa nini? Akasema, "Wa wageni, babu." Nikakubali, mimi si mtu mgumu. Panya akaiba, akaulizwa akadanganya, nikasema hapo hapo, lete gundi.

"Babu, ngoja, kurasa bado zipo!"

"Nimesikia ya kutosha. Mwizi ni mwizi."

"Sasa nitajuaje kama aliurudisha?"

"Utajua kwa kutoiba."

Jibu kama lile hata mchungaji hana. Nikagandisha kuanzia hapo mpaka jalada. Bibi akalia, akaingia chumbani, na tangu siku ile ananiamkia kama karani wa benki, shikamoo babu, basi, kapita.

Na hilo halijapoa likaja la keki. Kitabu cha mapishi kilikuwa na nyama ya kupikwa kwa divai, nikaifunga, kumbe ukurasa unaotazamana nayo ndio wenye keki ambayo mkwe wangu aliahidi kuwaokea akina mama wa kanisa, akaipika kwa kubahatisha. Mshauri, nimepasua mbao ngumu maisha yangu yote, lakini ile keki ilitaka msumeno wa watu wawili. Mwenyekiti wa akina mama akaiuma, akairudisha sahanini polepole, akasema, "Tumshukuru Mungu kwa chai." Mkwe wangu akaja na kitabu mkononi, akakibwaga mbele yangu.

"Baba, mayai yangu umeyafungia humu pamoja na divai yako!"

Divai yangu! Mimi ambaye hata soda naiogopa!

Sasa mchungaji, kijana wa juzi, anadai ufunguo. "Mzee, kabati ni la kanisa." Nikamjibu, kanisa likae na kabati, mimi nakaa na ufunguo. Lakini nikwambie kweli, huo ufunguo haunisumbui. Kinachonikera ni jioni. Nakaa pale mezani, nachukua kitabu, nakigeuza huku na huku, hakisemi kitu. Niambie namna ya kumrudisha Bibi anisomee bila mimi kuonekana nimeshindwa, maana sijashindwa.

Anayedhani naongeza chumvi amuulize Bibi mwenyewe. Alikuwapo kila ukurasa, na uongo haujui, nimemlea mimi.

Seremala wa Kabati

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo mzee wangu. Barua yako nimeisoma mpaka mwisho, jambo ambalo wewe hukumfanyia yule panya.

Pole kwa jioni zako. Najua meza inavyokuwa kubwa mtu akikaa peke yake. Na babu anayejali wajukuu wanalishwa nini kichwani si babu mbaya, wengine hata hawaulizi. Lakini mzee, umekagua nini hasa? Kitabu cha ndoa umekipitisha kwa sababu ya nguo. Cha mapishi umekifunga, ukamwaibisha mkwe wako mbele ya wenzake. Panya umemhukumu katikati ya safari. Ungekagua kwa mtindo huo yale tunayosomewa kanisani kila Jumapili, nusu ya watakatifu wangebaki wezi na waongo mpaka leo, wamegandishwa.

Bibi hakukuuliza namna ya kuiba. Alikuuliza kama mshumaa ulirudishwa. Huyo ni mtoto aliyelelewa vizuri, sifa hiyo chukua, ni yako. Ila ulimjibu kwa brashi ya gundi.

Sasa sikiliza. Ufunguo mpe mkwe wako leo, mkononi mwake, usiupitishe kwa mchungaji, na umwombe radhi kwa ile keki bila kutaja msumeno. Kisha chemsha birika. Wewe ni fundi, unajua gundi yako inalegea kwa mvuke, usijifanye umesahau. Mwite Bibi ashike kitabu, wewe shika kisu chembamba, mfungue ukurasa mmoja mmoja. Karatasi zitakunjamana na maneno mengine yatafifia, vumilia, ni kazi ya mikono yako. Zikikauka, mwombe akusomee. Nimesema mwombe. Na mdomo wako ubaki umefungwa mpaka yeye aseme hadithi imekwisha.

Unataka usionekane umeshindwa. Umeshashindwa, mzee, nyumba nzima inajua, na bado mtoto anakuamkia kila siku.

Kitabu hicho ninacho, niliwasomea wanangu. Najua kama panya aliurudisha ule mshumaa. Sikuambii. Umemtaja Bibi kuwa shahidi wako, naye ndiye atakayekuambia, ila hata yeye bado hajui. Weka maji motoni.