Mivuto Mitatu Ufuoni

Ijumaa, 31 Julai 2015. Jeddah.
Ijumaa madam ninayemwendesha na watoto wake huamka saa sita. Kwa hiyo saa kumi na mbili asubuhi niko ufuoni. Chambo: ngozi ya kuku. Changu wawili, wadogo. Mawimbi makali.

Wiki mbili sasa tangu Okoth apotee hapa hapa. Alikuwa askari wa geti la jirani, mtu wa ziwani kama mimi. Tulivua kila mtu mbali na mwenzake, kamba ya nailoni katikati yetu, kila mtu na ncha kidoleni, maana mawimbi humeza sauti. Mvuto mmoja: vipi? Miwili: nimepata. Mitatu: twende nyumbani.

Asubuhi ile ya Idi madam akapiga simu, apelekwe kwa mamake. Nikaichomoa kamba kidoleni, nikaifunga kwenye kijiti, nikakimbilia gari. Sikumvutia ile mitatu. Niliporudi, viatu vyake tu, na kamba mchangani.

Jumatatu, 3 Agosti
Kafili wa Okoth, tajiri aliyemleta huku, amemwandikisha kwenye orodha ya watoro. "Okoth mafi, hayupo. Halas, amekimbia." Nikamuuliza, mtu hukimbia bila viatu? Akasema yalla, rudi kwa gari lako. Nilitamani kumtemea mate.

Jioni mama Okoth akapiga. Kwetu, mtu akipotea majini na mwili usionekane, huzikwa tunda la yago, lile refu la mti wa mwegea, mahali pake, roho yake ipate kurudi kwao. Wazee wako tayari. Yeye ndiye hataki. "Mwanangu, nikizika tunda na mtoto yuko hai, si nitakuwa nimemuua mimi?"

Anangoja neno langu. Eti mimi ndiye niliyemwona mwisho. Sikumwona mwisho. Hilo ndilo linaloniumiza.

Ijumaa, 7 Agosti
Kwa mazoea tu, nilitandaza ile kamba. Ncha yangu kidoleni, yake mchangani, pakavu, hatua thelathini.

Ikavuta. Mara tatu.

Hakuna mtu. Hakuna mbwa. Nikasema upepo. Lakini upepo haujui kuhesabu hadi tatu ukaacha. Sikuvua tena. Nilimpikia madam chai bila majani, akaniuliza kama nina homa.

Ijumaa, 14 Agosti
Sikulala vizuri wiki nzima. Mimi si mtu wa kuamini majini na mapepo, kanisani kwetu nilipiga ngoma. Hata hivyo nimerudi.

Nilivuta mara moja. Vipi?

Nikangoja. Mawimbi manne, matano. Kisha mitatu, pole pole, kama alivyokuwa akivuta akichoka.

Nimempigia mama yake hapo hapo ufuoni. Nikamwambia: Mama, zika. Anataka kuja nyumbani. Hakuniuliza nimejuaje. Nikasikia kuku wake, kisha akasema asante, baba.

Ikiwa nimekosea, nimemzika mtu aliye hai.

Jumamosi, 15 Agosti
Wamezika saa sita. Nilimdanganya madam kwamba naenda kupima hewa ya magurudumu. Jua kali, mchanga unaunguza. Nikafunga kamba kidoleni, saa ilipofika nikavuta mara tatu. Ile mivuto niliyodaiwa tangu Idi.

Hakujibu. Kamba ililegea. Nililia kama mtoto, na sioni aibu kuliandika.

Alhamisi, 20 Agosti. Riyadh.
Tumerudi mtaani kwetu Malaz tangu Jumapili. Shule zinafungua, nimeosha gari, mchanga wa Jeddah umejaa chini ya viti.

Mama Okoth amenipigia. Amelala usiku kucha, mara ya kwanza. Anasema nyumba imetulia. Nimefurahi, kweli.

Ile kamba niliianika juu ya paa siku nne. Jua la hapa hukausha shati kabla hujamaliza kulitundika. Leo nimeikunja. Ncha yangu imekauka. Yake bado imelowa.

Sikumwambia mama yake.