Mkono wa Mfuko wa Eliya

Mama yangu,

Shikamoo huko uliko. Najua ungenijibu, "Marahaba, umekula?" kabla sijafika kwenye jambo lenyewe. Sijala. Tangu asubuhi namuwaza mwanao Eliya.

Unakumbuka kibaraza chetu cha Magomeni, wewe na cherehani yako, mifuko ya kitambaa imejaa hadi mlangoni? Kabla ya kuipeleka Kariakoo ulikanyaga kila mfuko kitako, ukashika mikono yake miwili na kuvuta kama mtu anayeng'oa muhogo. Uliokatika ulirudi kwenye cherehani. "Ukatikie hapa kwangu," ulikuwa ukisema, "usije ukamkatikia mtu na mayai yake." Mimi na Eliya tulikucheka sana. Siku hizi nalipwa mshahara kwa kufanya karibu kitu hichohicho.

Wenzako wa kanisani uliwaambia kuwa binti yako "anapima mifuko," nami nikanuna, kumbe hukukosea. Naufuata mfuko tangu mafuta yaliyotengeneza plastiki yake, au mti uliokatwa kupata karatasi yake, kupitia kiwandani, melini, kwenye lori, hadi unapoishia mtaroni au dampo. Kila hatua ina moshi wake na taka zake, najumlisha vyote. Kisha linakuja swali linaloamua kila kitu: mfuko huu utabeba mara ngapi kabla ya kutupwa? Kutengeneza mfuko mzito kunaichosha dunia zaidi kuliko mwepesi. Ukidumu, unafidia hasara hiyo. Ukikatika safari ya kwanza, afadhali usingetengenezwa kabisa.

Sasa kuna mnunuzi mmoja mwenye ofisi Posta, anatafuta mfuko wa kutumia katika maduka yake yote. Sisi tumepewa kazi ya kupima mifuko inayoshindania nafasi hiyo, na mmoja wao ni wa Eliya. Nilimweleza bosi kuwa huyo ni mdogo wangu. "Pima kama mingine," akasema, "mwenzako atahakiki." Eliya amehamishia kazi yako Buguruni, ana vijana na mashine, na ili aende haraka ameacha kushona mikono, anaibandika kwa moto. Ukiutazama unapendeza. Niliununua sokoni, nikatia viazi, nikanyanyua. Mkono ulibaki kiganjani mwangu, viazi vikasambaa chini ya meza. Nikanunua mwingine, ikawa vilevile.

Nilimpigia simu.

"Dada, we andika tu watu wanautumia muda mrefu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Sasa unapima mfuko au unanipima mimi? Nikiikosa hii kazi nafunga. Mama angekuwepo usingenifanyia hivi."

Ungekuwepo ungeukanyaga mfuko wake kitako! Nilitaka kumwambia hivyo, nikakata simu. Nampenda, Mama, na nina hasira naye. Desemba tunatakiwa kupanda Moshi kuja kusafisha kaburi lako, na sijui kama tutapanda gari moja.

Wiki iliyopita alileta mfuko ofisini, akauacha mapokezi bila hata kuniulizia. Mikono imeshonwa, mshono wako ule wa kwenda na kurudi. Niliukanyaga mbele ya wenzangu, nikavuta mpaka mgongo ukauma. Haukukatika. Nilienda chooni nikalia.

Lakini mfuko ulioletwa na mwenye mali haupimwi. Mtu yeyote anaweza kushona mmoja mzuri kwa ajili ya dada yake. Unapimwa ule ambao mteja anakutana nao sokoni, na jana nimesikia mzigo mpya wa Eliya umeingia. Bosi amenipa mpaka jioni ya leo kununua kwa mara ya mwisho. Eliya sikumwambia.

Navaa viatu sasa, naelekea Kariakoo. Nitauchukua kwenye meza yoyote kama mtu baki, nitatia viazi vilevile, na kitakachotokea ndicho nitakachoandika, hata kama hatanisemesha tena. Mwombee mwanao, Mama. Mwombee awe amewashonea na watu asiowajua.

Ni mimi binti yako,
dada yake Eliya