Miti Kumi na Moja ya Kilio Chako

Papa Kasika Lusenge,

Leo, saa kumi na moja na nusu alfajiri, umetimia mwaka mmoja tangu Mama Monique, mke wako, aguse mkono wako na kuukuta umepoa.

Ulikuwa mkulima wa viazi hapa Alimbongo. Kwa miaka thelathini na moja ulilinda msitu mdogo ulio juu ya chemchemi yetu, bila mshahara. Kila Jumamosi ulizunguka mpaka wake kwa miguu, umebeba miche ndani ya kopo la maziwa. Sokoni walikutania: "Papa Kasika, ule musitu ulishakuzalia batoto ngapi?" Ukajibu: "Unazalaka maji. We unakunywaka nini?" Walicheka, nawe ukacheka kuwazidi.

Syauswa alipokimbia vita vya Manguredjipa pamoja na mke wake, wewe ndiye uliyeiomba komite ya msitu impe shamba kando ya mpaka. Ulisema mtu anayelima pale atakuwa macho ya msitu. Akawa hivyo.

Kwa harusi ya Élodie, binti yako, ulileta kuni kutoka Lubero, ingawa msitu ulikuwa hatua mia mbili tu kutoka nyumbani. Sisi wa nyumbani kwako tulikuwepo. Tuliona.

Siku ya pili ya kilio chako, mvua ilikata barabara na kuni zikaisha. Watu waliotoka Butembo na Beni walikuwa hawajala. Phinées, mtoto wako wa kwanza, alisema: "Bageni hapana lala na njaa. Papa mwenyewe angekubali." Usingekubali. Hakuna aliyemwambia. Tulikata miti kumi na moja, tukawapikia maharagwe watu waliokuja kukusifu kwa kulinda miti.

Wiki mbili baadaye komite ilikuta visiki. Mama Solange, mwenyekiti wake, alituuliza sisi kwanza, kwa heshima yako. Tulisema hatujui. Basi watu wakamtaja Syauswa, kwa sababu alikuwa karibu na kwa sababu alikuwa mgeni. Akasimama mkutanoni: "Mungu iko anaona. Mie sikukata hata fimbo." Sisi tulikuwa tumekaa safu ya mbele. Alinyang'anywa shamba viazi vikiwa bado ardhini, akahamia Beni.

Tulinyamaza miezi kumi. Mwezi uliopita Élodie alikwenda kwa Mama Solange, akasema yote. "Kumbe njo nyinyi mulikata," alisema Mama Solange. "Lakini Papa yenu angekuwa hapa, angebafukuza nyinyi, yeye mwenyewe." Ni kweli.

Tunaandika haya ili kila aliyesikia jina la Syauswa katika jambo hili asome sasa majina yetu: Monique, mjane wako, Phinées, Élodie na Muyisa, watoto wako, Séphora, mke wa Phinées, na Mathe, mdogo wako, aliyeshika shoka. Hakuna siku itakayopita bila sisi kukukumbuka, Papa, na hatudai sifa kwa hilo.

Barua ya komite ya kumrudishia Syauswa shamba lake ilimfikia Beni siku ya Alhamisi. Muyisa ndiye aliyeipeleka. Syauswa aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akaikunja, akaitia mfukoni, akarudi ndani.